Msiwabanie watoto, Fasihi ya Kiingereza na lugha ya kigeni zaenda pamoja

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nizungumzie jambo ambalo laniuma sana na sioni watu wakilizungumzia. Ni hili la watoto wetu wa hapa Mombasa wanaotaka kusoma Fasihi ya Kiingereza pamoja na lugha ya kigeni, iwe Kifaransa, Kijerumani au Kiarabu, na kila wanapogeuka waambiwa chagua moja. Mimi ni mwalimu wa Kiingereza na Fasihi, nimefundisha bara na pwani, saa hii niko huku Kisauni, na kati ya wanafunzi wote niliowahi kuwa nao wale walionifurahisha zaidi darasani walikuwa ndo hao hao wa kupenda hadithi na kupenda lugha kwa pamoja. Hawa ndo twawafungia mlango.

Wacha nieleze ilivyo. Darasa la kwanza la mtaala mpya limeingia Gredi ya 10 Januari 2026. Mtoto akichagua mkondo wa sayansi za jamii, juu ya masomo ya lazima yuwaongeza matatu ya kuchagua mwenyewe, na kwenye orodha ya lugha kuna Fasihi ya Kiingereza, Fasihi ya Kiswahili, Kifaransa, Kijerumani, Kiarabu, hata Kichina. Kwenye karatasi mambo ni mazuri kabisa, na mimi nilishangilia nilipoiona ile orodha manake kwa mtaala wa zamani wa 8-4-4 fasihi ilikuwa imemezwa ndani ya Kiingereza, inasomwa kwa ajili ya setibuku za pepa ya tatu na basi. Sasa imepewa kiti chake. Lakini nenda uangalie ratiba. Kuna shule moja hapa kaunti yetu, sitaitaja, imeweka Fasihi ya Kiingereza na Kifaransa kwenye bloki moja, yaani vipindi saa ile ile, kwa hivo ukienda huku huwezi kwenda kule. Mzazi mmoja alipouliza akajibiwa kwa upole tu kwamba hizo zote ni lugha, mtoto akichukua moja yatosha, hiyo nafasi nyingine achukue somo la maana. Somo la maana! Nimelala na hilo neno kichwani.

Fikra hii kwamba fasihi na lugha ya kigeni ni kitu kimoja kimejirudia ndo nataka kuipinga, manake ukweli ni kwamba kila moja yakufundisha kitu ambacho nyingine haikupi, na zikikutana ndo mtu huanza kusoma kwelikweli.

Chukueni Othello, ile tamthilia ya Shakespeare ambayo walimu wengi wa umri wangu tuliisoma. Shakespeare aliiandika mwaka wa 1603 au 1604 hivi, na kisa chenyewe hakukitunga yeye, alikitoa kwa Mwitaliano aitwaye Cinthio ambaye hadithi zake zilichapwa 1565. Kwa hiyo hata hicho kitabu twakiita cha Kiingereza kina mzazi Mwitaliano. Halafu songa mbele mpaka 1966, Tayeb Salih wa Sudan atoa riwaya yake kwa Kiarabu kuhusu kijana Msudani, Mustafa Sa'eed, aliyekwenda London akasoma akasifika akaharibikiwa na wanawake wa huko hadi akaua mke, na ndani ya riwaya hiyo kuna mahali yuwajifananisha na Othello na mahali pengine aikana hiyo kabisa, asema Othello alikuwa uongo. Sasa niambieni, nani atayasikia hayo mabishano vizuri? Yule wa fasihi peke yake atamsoma Salih kwa tafsiri ya Kiingereza ya 1969, ambayo ni nzuri, sikatai, lakini kitabu chote ni cha mtu aliyekaa Uingereza akaamua kuwajibu Waingereza kwa Kiarabu, na wewe wakisoma kwa Kiingereza. Yule wa Kiarabu peke yake atakuta jina la Othello alipite tu. Ni yule mwenye vyote viwili ndo atasimama katikati asikie huku na huku.

Na hapa Mombasa huyo mtoto tunaye jamani! Tunao wengi! Watoto wetu waliotoka chuoni, namaanisha madrasa, wanajua harufi tangu wana miaka mitano, wengine wamehifadhi juzuu kadhaa, lakini hawajawahi hata siku moja kuambiwa kwamba Kiarabu hicho hicho kina riwaya, kina Naguib Mahfouz aliyepewa Nobel 1988, kina washairi wa kisasa, na kwamba kuna watu kazi yao chuo kikuu ni kusoma hayo sambamba na fasihi ya Kiingereza. Mtoto kama huyu wa Majengo au wa Mji wa Kale amebeba nusu ya safari mgongoni tayari. Badala ya kumsukuma mbele twamwambia aache.

Kifaransa nacho. Kila Jumamosi asubuhi, mambo yakiruhusu, mimi na mwenzangu ambaye ni mwalimu wa Kifaransa huwa twakaa barazani kwake na vijana wachache tukisoma hadithi fupi, yeye ashika upande wa lugha mimi nashika upande wa fasihi. Majuzi tulikuwa na ile ya Maupassant ya 1884 ya yule mwanamke aliyeazima mkufu akaenda nao kwenye dansi ukapotea. Kuna binti mmoja pale ana cheti cha B1, yaani kiwango cha kati cha lugha, Kifaransa chake cha kuongea ni kizuri mno, ukimsikia kwenye simu utadhani ametoka Kongo. Ukurasa wa kwanza tu akakwama. Akasema mwalimu hizi vitenzi sijawahi kuziona. Na kweli hajawahi, manake Wafaransa wana wakati mmoja uliopita ambao hauongewi mdomoni, wakaa vitabuni tu, na makozi ya kuongea hayaufundishi mapema kwa sababu hotelini au kwenye intavyu ya viza hauhitajiki. Basi mwenzangu akamwandikia pale kwenye karatasi zile sura mbili, ule wakati wa jambo linaloendelea, mwanamke anacheza, anacheza, amelewa na furaha, halafu ule wa ghafla anapogundua shingo iko tupu. Binti akaziangalia kidogo akasema, lakini mwalimu hii si ndo "ka" yetu? Alikuwa akicheza, mara akajishika shingo, akapiga ukelele. Tukanyamaza sote manake ndo hivo hasa, au karibu sana na hivo. Kisha nikawapa tafsiri ya Kiingereza ya ukurasa ule ule tukaona vile Kiingereza kimezitia zile nyakati mbili kwenye umbo moja mara nyingi, alicheza, alipiga ukelele, na msomaji ajitafutie mwenyewe wapi ni mwendo na wapi ni ghafla. Hapo sikuhitaji kufundisha kitu kinaitwa mtindo wa masimulizi, walikuwa wanakiona. Ningeufundisha vipi huo mwezi mzima ubaoni kwa Kiingereza pekee?

Nyinyi wenye kupanga masomo, hicho ndicho nazungumzia. Mtoto wa pwani yuwaja na Kiswahili, Kiingereza, labda Kiarabu cha chuoni na Kigiriama au Kidigo cha nyumbani, huyu ameshajua tangu tumboni kwamba jambo moja lasemwa kwa njia nyingi, kumpa lugha moja zaidi na vitabu vyake si kumlemea.

Sasa najua watu watasema lugha za kigeni mbona zasomwa sana hapa Mombasa. Ndio, zasomwa. Kijerumani hasa, tangu Kenya na Ujerumani zitie saini ule mkataba wa wafanyakazi Berlin Septemba 2024, madarasa yamejaa manesi na mafundi wanaotafuta B1 na B2, na mimi nawaombea kheri wote. Kiitaliano Malindi na Watamu, Kijerumani Diani, kuna vijana wa ufuoni hawajaingia darasa la lugha hata siku moja na waongea kuliko wenye vyeti. Lakini hiyo ni lugha ya kupita nayo mlango fulani. Ukishapita yaisha. Nimewaona wenye vyeti ambao hawajawahi kumaliza kitabu hata kimoja kwa lugha hiyo, hata hadithi ya watoto, na miaka miwili baadaye lugha imewatoka kama hawakuisoma. Mtu hubaki na lugha kama ana kitu cha kusoma ndani yake, anachokipenda, asicholazimishwa. Huo ndo mchango wa fasihi kwa lugha na nashangaa shule za lugha hazilisemi hilo.

Wenzetu wamelijua zamani. Uingereza mtoto wa miaka kumi na saba akifanya Kifaransa au Kijerumani cha A-level, mtihani wao wa mwisho wa upili, lazima asome kitabu cha fasihi cha lugha hiyo, ama vitabu viwili, ama kitabu kimoja na filamu moja, hakuna njia ya kukwepa. Na akifika chuo kikuu aweza kuchukua digrii ya pamoja, Kiingereza na Kifaransa, Kiingereza na Kihispania na kadhalika, nusu huku nusu huku, kwa kawaida miaka minne na mwaka wa tatu yuwaenda kuishi kwenye nchi ya lugha ile, afundishe shule, au afanye kazi, au asome chuo cha huko. Wanaorudi wa mwaka wa nne huwa ni watu wengine. Hapa kwetu KCSE, mtihani wa kumaliza upili, ya Kifaransa imekuwa ni kusikiliza, kuandika insha, kusoma ufahamu, sarufi, na mtihani wa kuongea. Fasihi hamna. Hao wa mtaala mpya mitihani yao ya mwisho bado haijafanywa, basi kama kuna wakati wa kuingiza hata kitabu kimoja kidogo ni sasa.

Na isisemwe kwamba haya ni mambo ya kizungu. Mwaka wa 1968, pale chuo ambacho sasa ni Chuo Kikuu cha Nairobi, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong waliandika waraka wao wa kutaka Idara ya Kiingereza ivunjwe, wakataka Afrika iwe katikati na vingine vyote vipimwe kutoka hapo, na ndani yake wakataka maandishi ya Waafrika ya Kifaransa nayo yasomwe. Hawa hawakuwa watu wa kupenda ukoloni! Walijua kwamba ukikosa Kifaransa umekosa nusu ya waandishi wa bara hili, na leo twamfundisha Mariama Bâ wa Senegal kwa Kiingereza, kitabu chake cha 1979, kana kwamba alikiandika hivo. Na kwa upande wa pili, Mwalimu Nyerere alikaa na Shakespeare akamleta kwa Kiswahili, na yule mshairi wetu wa Mombasa Abdilatif Abdalla alikwenda akafundisha Kiswahili Chuo Kikuu cha Leipzig, Ujerumani, kuanzia 1995 hadi 2011. Kuna Wajerumani wanaosoma mashairi ya Kimvita kwa sababu yake. Mbona wao waweza kusoma yetu na mtoto wetu asiweze kusoma yao na akarudi kuyaandika huku?

Najua swali la wazazi, na silidharau, manake karo ni pesa na pesa ni jasho. Atakula nini? Nawajibu hivi. Bandari iko hapa. Mizigo ya Rwanda, Burundi na Kongo yapita Kilindini, na Kongo imeshajiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2022, ofisi za kliaringi zataka watu wanaoweza kusoma barua ya Kifaransa ikiwa imeandikwa na mwanasheria siyo na rafiki wa WhatsApp, kisha waijibu kwa Kiingereza safi. Umoja wa Mataifa una makao yake pale Gigiri, Nairobi, na lugha zake rasmi ni sita, Kifaransa na Kiarabu zimo, na Chuo Kikuu cha Nairobi chafundisha uzamili wa ukalimani na tafsiri. Ukalimani hautaki mtu anayeongea haraka tu, wataka mtu aliyesoma sana kwa lugha zote mbili ajue sentensi yaelekea wapi kabla haijafika. Pia kuna ualimu. Lakini sitawadanganya kwamba kila mmoja atapata kazi Gigiri, nasema tu kwamba huyu mtoto hana milango michache kuliko yule mliyemlazimisha kufanya biashara akiwa haipendi.

Ugumu upo, tena mwingi, na mtoto aambiwe mapema. Kusoma riwaya kwa lugha ya kigeni mwaka wa kwanza ni polepole mno, wakati wenzako wa fasihi wamemaliza kitabu wewe wa Kijerumani uko ukurasa wa ishirini na kamusi imechanika, halafu idara ni mbili, kila idara yadhani wewe ni wake peke yake, asaimenti zinaangukiana wiki moja. Nawashauri vijana wangu hivi: msitafsiri kila neno, someni aya nzima kwanza kwa sauti hata kama mwaelewa nusu, kisha rudini mtafute yale maneno yanayowazuia tu. Anzeni na hadithi ambayo mwaijua tayari kwa Kiswahili au Kiingereza. Noti ziandikeni kwa lugha ya kitabu, hata kama ni mbovu. Wale walioanza lugha shule ya upili huwa hawateseki sana chuoni, anayeanzia sifuri chuo kikuu ndo hulia, na ndo maana hiyo bloki ya Gredi ya 10 nailalamikia hivi, manake mkimkosesha Kifaransa sasa mmemkosesha pia digrii ya 2029, ambao ndio mwaka hawa wa kwanza wataanza kuingia vyuo baada ya kumaliza Gredi ya 12 mwishoni mwa 2028.

Na hapo 2029 si mbali. Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi na TUM, yaani Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, hapa Tudor vilipata hadhi kamili 2013, na mimi naviomba waanze mapema, waangalie kama mwanafunzi wa pwani ataweza kukaa pwani na kuchukua fasihi na lugha ya kigeni kama digrii moja iliyopangwa pamoja, siyo idara mbili zisizosalimiana. Kwa upande wa walimu pia kuna shida, manake kwetu Kiingereza na Fasihi zimefungwa pamoja kama masomo mawili ya mwalimu mmoja, na mwalimu anayetaka Fasihi na Kifaransa ajiuliza ataandikwa vipi. Wizara na TSC, tume inayoajiri walimu, wakae walizungumze hilo na wadau, sina jibu lote lakini najua mtu akiogopa kukosa ajira hatachukua hiyo kozi hata kama aipenda roho yake yote.

Kwa wakuu wa shule ombi langu ni dogo na halina gharama ya jengo wala ya kitabu. Toeni Fasihi ya Kiingereza kwenye bloki moja na lugha za kigeni. Iwekeni na somo lingine lolote. Wazazi nao, kabla ya muhula haujaanza, msiulize tu kama shule ina Kifaransa au Kiarabu, ombeni muoneshwe ratiba yenyewe, muangalie kwa macho yenu kipindi cha fasihi kiko saa ngapi na cha lugha saa ngapi. Mkiona vimegongana semeni hapo hapo ofisini, msingoje hadi mtoto amezoea kukosa.

Na kama shida ni mwalimu, kuna sisi. Mimi na huyo mwenzangu wa Kifaransa tuko tayari kuja shule yoyote ya kisiwani au Kisauni kabla ya kengele ya asubuhi au baada ya saa kumi jioni, tufundishe pamoja hicho kipindi hadi shule ipate wa kwake. Nauli twajilipia.

Mwalimu wa Kiingereza na Fasihi,
Kisauni, Mombasa